Gari la Boksi Halijawahi Kutosha

Wiki mbili zilizopita mjomba wangu alinikuta kwa veranda nikiwa nimefungua gari la kuchezea. Skrubu zote ziko kwa kifuniko cha chupa, mota mkononi, solda inatoa moshi. Akasimama hapo kama dakika moja hivi bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Kwa hivyo hii ndiyo ulitoka chuo kuja kufanya?"

Sikumjibu. Kwetu mjomba hajibiwi hivyo hivyo tu, na pia solda ilikuwa moto. Lakini lile swali limekataa kutoka kichwani. Wengi wenu mnajua niliachia chuo mwaka wa pili. Hiyo stori nilishaimaliza na leo si siku yake. Leo nataka kujibu ile sehemu nyingine ya swali, ile ya "hii". Hii ni nini? Hii kazi ya kuchukua gari dogo la rimoti, kulivunja, kubadilisha mota, kukata bodi, kujenga upya kitu ambacho kiwanda kilisema kimekwisha?

Nimesoma historia yake vizuri, na nina maoni. Maoni yangu ni haya: hobi hii haikujengwa na kampuni peke yake. Karibu kila hatua kubwa ilianza na mtu aliyefungua boksi, akaangalia kilicho ndani, akasema, "Zii, hii haitoshi." Na sisi huku Kenya tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kuijua hiyo historia. Kaa hapo nikuonyeshe.

Gari bila rimoti

Nianze na langu ndipo usidhani nazungumza vitu vya vitabuni tu.

Gari langu la kwanza la rimoti nililinunua Gikomba, kwa mama mmoja anayeuza toi za mitumba. Shilingi 150. Halikuwa na rimoti. Ukienda pale hata leo utaona: rundo la magari upande huu, na kwa ndoo nyingine rimoti zimelala peke yake kama ndugu waliotenganishwa. Kule bale linakofungwa hakuna mtu ana haja ya kutafuta rimoti gani ilikuja na gari gani.

Nikamuuliza kama naweza kujaribu zile rimoti. "Jaribu, lakini betri utaleta zako." Nikaenda nikanunua betri, nikarudi, nikaanza moja moja. Ya tisa, gari likaruka mkononi mwangu. Yule mama akashtuka kuliko mimi.

Nilidhani ni bahati. Baadaye sana ndipo nilijua sababu. Magari mengi ya bei rahisi ya kutoka China yametumia chipu za familia moja kwa miaka mingi: TX2 ndani ya rimoti, RX2 ndani ya gari. Rimoti inatuma mapigo, gari linayahesabu. Idadi fulani ya mapigo maana yake mbele, idadi nyingine kushoto, nyingine kulia. Hakuna jina, hakuna nambari ya siri. Rimoti haijui gari lake ni lipi. Zikiwa zote mbili ziko kwa masafa ya 27 MHz, zinaelewana.

Yaani somo langu la kwanza la redio nilifunzwa na mtu ambaye alitupa toi ya mtoto wake mahali fulani Ulaya. Na ona: mtoto aliyelinunua hilo gari likiwa jipya hakuhitaji kujua chochote. Mimi niliyelipata likiwa nusu ndiye nililazimika kujua. Weka hilo kando, tutalirudia.

Kabla ya magari kulikuwa na mashua

Mwaka wa 1898, New York, ndani ya Madison Square Garden, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo kwenye bwawa la maji. Akawa anaiongoza bila waya wowote, ikigeuka na kuwasha taa. Watu wengine walidhani ni kiini macho. Patenti yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Kwa hivyo wazo la kuongoza kitu kwa redio ni la zamani kuliko reli yetu kufika Nairobi.

Lakini wazo na hobi ni vitu viwili tofauti. Redio ya wakati ule ilikuwa nzito, na betri zake ni za kubebwa kwa mkokoteni. Mtu wa kawaida hangeweza. Ilibidi watu wakaidi wajaribu. Mwaka wa 1937 mapacha wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege ndogo waliyoijenga wenyewe, ikiongozwa kwa redio waliyoijenga wenyewe. Waliita ndege hiyo Guff. Hakukuwa na duka la kununua vitu hivyo, kwa hivyo hakukuwa na njia nyingine. Leo Guff iko kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Kilichobadilisha mambo ni transista, iliyozaliwa Bell Labs mwaka wa 1947. Ghafla redio ikaweza kuwa ndogo na kula betri kidogo. Kufikia miaka ya 1960 vifaa vya kuongoza ndege vilikuwa vimekuwa vidogo vya kutosha mtu kufikiria: kwani lazima viende juu? Si vinaweza kukaa ndani ya gari?

Mwaka wa 1966 kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli, kutoka Reggio Emilia, ikatoa Ferrari 250LM ya kipimo cha 1:12. Hilo ndilo mara nyingi huhesabiwa kuwa gari la kwanza la rimoti kuuzwa madukani. Kipimo cha 1:12 maana yake ni kwamba gari halisi ni kubwa mara kumi na mbili. Miaka michache baadaye, Uingereza, kampuni ya Mardave ya Leicester ikaanza kuuza magari ya injini ndogo za mafuta. Hayo yalikuwa na kelele, moshi na mafuta ya kuchafua mikono. Wazungu wakaanza kushindana kwenye maegesho ya magari siku za Jumapili.

Mjapani aliyefungua Porsche

Sasa tufike kwa Tamiya, kwa sababu huwezi kuongea hobi hii bila Tamiya.

Yoshio Tamiya alianza na biashara ya mbao huko Shizuoka, Japan, mwaka wa 1946. Mwaka wa 1951 moto ukateketeza kila kitu. Akarudi na kitu kidogo: sanamu za meli na magari za mbao, za kujijengea. Baadaye wakahamia plastiki, na mwanawe Shunsaku ndiye aliyeifanya jina la kampuni lijulikane dunia nzima.

Katikati ya miaka ya 1970 walitaka kutengeneza sanamu ya Porsche 934, iwe sawa na ya kweli. Picha hazikutosha. Shunsaku akanunua Porsche 911 halisi, wakaifungua kipande kwa kipande ili waone kila kitu kimekaa vipi. Hebu fikiria hiyo. Bosi mzima ananunua gari la pesa nyingi hivyo, halafu analitandika chini kama fundi wa Grogan. Mwaka wa 1976, kutokana na kazi hiyo, likatoka gari la kwanza la rimoti la Tamiya: Porsche 934 Turbo, kipimo cha 1:12.

Kitu ninachokipenda ni namna walivyoliuza. Halikuja likiwa limejengwa. Ulipata boksi lenye vipande, skrubu, mota, bodi isiyo na rangi, na kitabu cha maelekezo chenye michoro safi mpaka hata usiyejua Kijapani unafuata. Ulijenga mwenyewe. Maana yake, siku ya kwanza unaliendesha tayari unajua kila gia iko wapi. Likiharibika huogopi kulifungua, kwa sababu wewe ndiye ulilifunga.

Mwaka wa 1979 wakaleta Rough Rider na Sand Scorcher, magari ya kukimbia kwenye mchanga na vumbi. Mwaka wa 1984 wakaleta Grasshopper na Hornet, za bei nafuu, na watoto wengi sana Ulaya na Marekani wakaingia hapo.

Na hapo ndipo fujo nzuri ikaanza. Kwa sababu Grasshopper, wacha tuseme ukweli, lilikuwa gari la kurukaruka kama mbuzi. Nyuma lilikuwa na springi tupu bila mafuta ya kuituliza. Mota yake ilikuwa ile ndogo ya 380 wakati Hornet lilikuwa na 540. Magurudumu yalizunguka kwenye bushi za plastiki. Kwa hivyo mtoto wa miaka kumi na mbili anafanya nini? Anatoa 380 anaingiza 540. Anatoa bushi anaweka beringi za chuma. Anatafuta shokabu za mafuta za gari lingine, anatoboa mashimo mapya. Hakuna aliyemwambia anasomea uhandisi. Alitaka tu kumpita jirani.

Watu wa karakana

Kule California watu wazima walikuwa wanafanya hayo hayo, ila kwa hasira zaidi. Resi za wikendi zilikuwa zimekuwa kitu cha maana, na magari ya dukani hayakuwa yanavumilia.

Mwaka wa 1984 Team Associated wakatoa RC10, iliyobuniwa na Roger Curtis. Badala ya plastiki, fremu yake ilikuwa sinia la aluminiamu la rangi ya dhahabu, na shokabu zake za mafuta zilikuwa za kazi. Lilikuwa gari lililojengwa na watu wanaoendesha resi kwa ajili ya watu wanaoendesha resi. Mwaka uliofuata, 1985, mashindano ya kwanza ya dunia ya magari haya ya vumbi yalifanyika Del Mar, California. Jay Halsey akashinda kwa RC10 upande wa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Upande wa magurudumu manne akashinda kijana Gil Losi Jr. na gari la Yokomo la Japan. Familia ya Losi baadaye ikaanzisha kampuni yake, na mwaka wa 1988 ikaleta gari lake, JRX2. Dereva akawa mtengenezaji. Huo ndio mwendo wa hobi hii.

Uingereza kulikuwa na Cecil Schumacher, aliyekuwa ameshughulikia gia za magari ya kweli. Gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani, ndiyo maana kuna difu. Lakini difu ya gia kwenye gari dogo ilikuwa nzito na kazi ya kuirekebisha ni shida. Schumacher akatengeneza difu ya vijipira vya chuma vilivyobanwa kati ya sahani mbili. Kaza skrubu, inakuwa ngumu. Legeza, inakuwa laini. Kampuni yake ilianza mwaka wa 1980, na difu hiyo ikaigwa kila mahali.

Halafu mambo ya umeme. Kidhibiti cha mwendo cha zamani kilikuwa mkono mdogo unaosogezwa juu ya vipande vya shaba, na ukitaka kwenda polepole umeme wa ziada unachomwa kuwa joto tu. Nusu ya betri inapotea ukipasha hewa. Watu kama Bob Novak wakaingiza transista zinazokata na kuwasha umeme mara nyingi kwa sekunde, na gari likaweza kwenda polepole bila kupoteza nguvu. Wengine walikuwa wanafungua mota na kuzungusha waya upya kwa mkono: ukipunguza mizunguko, mota inaenda mbio zaidi lakini inakula betri. Wengine walikaa usiku wakipima seli za betri moja moja, ndipo waunganishe zile zinazolingana. Kazi ya fundi saa hiyo, na hakuna anayewalipa.

Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni Clod Buster ya Tamiya ya mwaka wa 1987. Lilikuwa toi la lori lenye magurudumu makubwa, lina mota mbili, moja kila ekseli, na linaweza kugeuza magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tamiya walidhani wanauza lori la kufurahisha watoto. Wasee wakaona ekseli mbili zenye mota zao. Wakatupa kila kitu kingine, wakakata fremu zao za aluminiamu, wakaanza kupanda mawe polepole. Mchezo mzima wa kupanda mawe ulikua kutoka kwa vitu vya namna hiyo, mpaka kampuni zikaamka na kuanza kuuza magari ya kupanda mawe yakiwa tayari.

Yakawa madogo kama kidole

Mwaka wa 1999 kampuni ya Kyosho ya Japan ikaleta Mini-Z. Gari linalokaa kwenye kiganja, betri nne ndogo za AAA, na bodi inayobanduka ili uvae nyingine. Hapo hobi ikaingia sebuleni. Huhitaji uwanja, unahitaji sakafu na mathe ambaye hajarudi.

Mini-Z lilikuwa zuri, lakini ukiweka mota kali, zile transista ndogo kwenye saketi zinaungua. Wasee wakafanya nini? Wakachukua transista nyingine za aina hiyo hiyo, wakazipanda juu ya zile za kiwandani, mguu kwa mguu, wakazichoma solda. Sasa mzigo unagawanywa. Yaani ghorofa ya transista juu ya saketi ya ukubwa wa stempu! Ukiteleza kidogo, umeua gari. Nimejaribu kitu kama hicho kwenye gari la bei rahisi na nikaua mbili kabla ya ya tatu kukubali.

Mwaka wa 2001 Tomy wakashuka chini zaidi na Bit Char-G, gari lenye urefu wa kama sentimita tano. Lilichajiwa kwa kulikalisha kwenye rimoti kwa muda usiofika dakika, likakimbia dakika chache. Halikuwa na sevo ya kugeuza; lilitumia koili ndogo na sumaku. Marekani liliuzwa kwa jina la ZipZaps mwaka wa 2002. Na Tomy walikuwa wajanja: waliuza mota tofauti na gia tofauti, ukachagua mwenyewe unataka mbio au nguvu.

Lakini watu hawakuishia kwenye gia. Wapenda ndege waliona redio nyepesi kuliko zote walizowahi kuona. Wakazitoa ndani ya gari, wakaziweka kwenye ndege za povu nyepesi kama unyoya, na ile koili ya kugeuza magurudumu ikawa inageuza mkia. Magari ya kuchezea yakaruka ndani ya nyumba. Hakuna mtu wa Tomy aliyeandika hilo kwenye boksi.

Wacha nisidanganye mtu

Najua kuna msee anasoma hapa akisema: sawa, lakini hao ni watu wenye karakana, wana pesa, wana duka pale kona. Ni kweli. Siwezi kukuambia eti Mmarekani wa 1985 na mimi wa veranda tuko sawa. Hobi hii imekuwa ya watu wenye nafasi, na bado ni ghali. Gari zuri la kipimo cha 1:10 linaweza kula kodi ya nyumba ya miezi kadhaa mtaani kwetu.

Na kuna kitu kingine kichungu kwenye historia hii. Kila mara watu wa karakana wakigundua kitu, kiwanda kinakichukua na kukuuzia. Tamiya wana vipande vyao vya kuongeza, wanaviita Hop-Up. Beringi ambazo zingewekwa tangu mwanzo unazilipia kando. Unanunua gari mara mbili, mara ya kwanza likiwa baya na mara ya pili likiwa zuri.

Halafu yakaja magari ya "tayari kukimbia". Unatoa kwenye boksi, unachaji, unaendesha. Sina shida na hayo, yameleta watu wengi. Shida yangu ni yale ya bei ya chini ambayo redio, kidhibiti cha mwendo na cha kugeuza vyote vimewekwa kwenye saketi moja. Kikiungua kitu kimoja cha shilingi chache, vyote vimekufa pamoja. Duka litakuambia ununue lingine. Hilo gari limetengenezwa likijua wewe hutalifungua.

Na hilo si la magari ya kuchezea tu. Angalia simu yako yenye betri iliyogandishwa kwa gundi. Angalia pikipiki za umeme zinazoingia sasa. Sisi ni watu tunaopata vitu mwishoni mwa mnyororo: magari yaliyotumika, simu zilizotumika, kompyuta zilizotumika. Nchi inayotumia vitu vya wengine vikiwa nusu uhai, isipojua kufungua, itabaki kununua tu. Mtu aliyezoea kufungua gari la shilingi 150 haogopi kufungua kitu kikubwa. Hii si hesabu ya chuoni, ni mazoea ya mikono.

Kuna habari njema pia. Redio za 2.4 GHz zimekuwa rahisi, hakuna tena kugombana masafa kama enzi za 27 MHz ambapo jirani akiwasha yake gari lako linaenda kwa mtaro. Magari ya WPL na MN kutoka China yanauzwa bei ambayo kijana anaweza kuweka akiba akaifikia, na watu wanayabadilisha mpaka hayatambuliki. Daniel Norée wa Sweden alianzisha OpenRC, michoro ya magari ambayo mtu yeyote mwenye printa ya 3D anaweza kuchapisha bila kulipa. Luthuli utapata mota, waya, sevo na saketi ndogo. Betri za lapitopu zilizokufa mara nyingi zina seli ambazo bado ni nzima.

Kuhusu hizo seli, tafadhali: ziheshimu. Mimi niliziunganisha bila fyuzi, waya ukagusana, na meza ya mathe ina alama nyeusi mpaka leo. Lithiamu haina mzaha. Weka fyuzi, usichaji ukiwa umelala.

Gari la waya

Sasa turudi nyumbani. Kuna historia moja ambayo haimo kwenye zile za Tamiya na Team Associated, na inaniuma kwamba haimo.

Kabla ya mimi kuzaliwa, watoto wa nchi hii walikuwa wanajenga magari ya waya. Waya wa ua au wa kufungia vyuma, magurudumu ya ndala zilizokatwa au vifuniko, bodi ya mkebe. Mti mrefu unatoka nyuma na usukani juu yake, ukizungusha usukani magurudumu ya mbele yanageuka. Wengine waliweka springi. Wengine waliweka milango inayofunguka.

Ukiangalia kwa jicho la fundi, vitu vyote viko hapo: fremu, ekseli, usukani unaosukuma magurudumu mawili kwa pamoja, uzani wa mbele na nyuma. Kilichokosekana ni mota na redio. Sisemi gari la waya ndilo lililozaa Tamiya, sitaki kupaka mtu mafuta. Nasema ni kazi ya akili ile ile, ya kuangalia gari la kweli likipita na kwenda kulijenga na ulicho nacho. Mmoja aliitwa mbunifu. Mwingine aliitwa mtoto anayechafua nguo.

Niko na binamu mdogo wa darasa la nne, mtoto wa huyo huyo mjomba. Shuleni waliambiwa walete gari lililotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Nyote mnajua hiyo kazi huisha vipi: mzazi ananunua kwa fundi, mtoto anabeba, mwalimu anaweka alama. Mjomba alikuwa tayari ameuliza bei.

Nikamwambia binamu alete waya. Tukakaa Jumamosi nzima. Yeye akakunja fremu, mimi nikamshikia koleo. Lile gari langu la Gikomba, lile la mapigo ya 27 MHz, bodi yake ilikuwa imevunjika zamani lakini utumbo bado ni mzima. Tukatoa utumbo, tukaufunga ndani ya waya. Jioni likaenda mbele. Kisha likakataa kwenda mbele, likawa linavuta kushoto kila mara, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Nilijaribu kila kitu ninachokijua. Nikakaza, nikalegeza, nikaangalia waya za mota. Mjomba alikuwa mlangoni anatuangalia, na chai mkononi. Mwishowe akaweka kikombe chini, akachuchumaa, akaligeuza gari miguu juu.

"Ekseli ya mbele mmeinyoosha sana," akasema. "Lazima irudi nyuma kidogo, hivi. Ndio gurudumu lijifuate lenyewe."

Akaikunja kwa vidole, bila koleo, kama mtu anayefanya kitu alichokifanya mara mia. Tukaliweka chini. Likaenda moja kwa moja mpaka likagonga geti.

Nilisoma juu ya hiyo kona ya magurudumu ya mbele kwenye maelezo ya resi za Kijapani na Kimarekani, ina jina lake na digrii zake. Mjomba aliijua kutoka kwa magari ya waya, miaka ya themanini, kijijini. Hakuna aliyemwambia hiyo ni elimu, kwa hivyo hakujua ni elimu. Ndiyo maana alipokuja kwa veranda aliniona ninacheza.

Hajaniomba msamaha na sitarajii. Bado anauliza chuo nitarudi lini, na ni swali la haki, nitalijibu siku yake. Lakini Jumapili aliondoka na rimoti mfukoni bila kujua, na Jumatatu asubuhi akanipigia simu kuuliza betri yake huchajiwa vipi.

Kama uko na mzee nyumbani aliyewahi kujenga gari la waya, muulize alilijenga vipi, hatua kwa hatua. Andika. Piga picha ya mikono yake ikikunja. Hiyo historia hakuna kiwanda kitakachotuandikia.